Mungu Akinyamaza, Tusiache Jembe



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala mkopo wa kikundi. Tunajibu swali ambalo akina mama na wazee hutuuliza pembeni, mkutano ukiisha: kwa nini Mungu humwacha mwamini aingie gizani? Mtu anasali, lakini ni kama anaongea na ukuta. Zamani aliimba kwa furaha, sasa hata rozari inamlemea.

Swali hili si dogo. Tumeona wanachama wakiacha kuja, si kwa kukosa mchango, bali kwa kuambiwa, "Chunguza dhambi yako." Wengine wanazunguka kwa wahubiri wakilipa ili waombewe, mpaka karo ya watoto inaisha.

Tumtazame mtu tunayemjua sote. Mama Teresa alianza kazi kati ya maskini wa Calcutta, kule India, mwaka wa 1948. Alifariki mwaka wa 1997. Barua zake zilipotolewa kitabuni mwaka wa 2007, wengi walishangaa. Kumbe kwa karibu miaka 50, isipokuwa kipindi kifupi tu, hakuonja utamu wa sala. Alijisikia kama Mungu hamtaki. Hata hivyo aliamka alfajiri, akasali, akaenda kwa wagonjwa wake. Mwaka wa 2016 Kanisa lilimtangaza mtakatifu. Je, giza lile lilikuwa adhabu? Hapana.

Basi ni kwa nini? Siri yote hatuijui. Mtume Yakobo anafundisha kwamba Mungu hamvuti mtu yeyote kwenye uovu. Lakini anaruhusu tujaribiwe, na faida mbili tunaziona.

Ya kwanza, imani inasafishwa. Mtoto akipewa peremende kila akitumwa, utajuaje kama anampenda mama au anapenda peremende?

Ya pili, tunajifunza kuwaelewa wenzetu. Mama Teresa aliwahudumia watu wasiotakiwa na yeyote, na uchungu wao aliujua kwa ndani.

Na sisi kikundi je? Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Walipofungua midomo kumlaumu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakemea wao, si Ayubu.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Mwanachama akikosa mikutano miwili, watu wawili wamtembelee. Wasiende kuhubiri. Wamchotee maji, wapalilie naye kidogo, wamsikilize.

2. Aliye gizani asiache sala. Hata Baba Yetu moja kwa siku ni sala. Tena Mtakatifu Inyasi wa Loyola alishauri tusibadilishe maamuzi yetu wakati wa giza. Basi asikimbilie kuuza shamba au kujitoa kikundini.

3. Huzuni isiyoisha, kukosa usingizi kwa muda mrefu, au mawazo ya kujiua, hayo yapelekwe hospitalini upesi. Kumwona daktari si kukosa imani.

Kabla hatujafunga mkutano, tujiulize: ni nani katika kikundi chetu hajaonekana tangu mavuno? Na nani atakwenda kwake kesho?

Mungu awabariki.