Kulizoeza Jicho Vivu Nyumbani: Hotuba Iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Wenzetu wa fedha wamekwisha kutusomea yaliyoingia na yaliyotoka. Sisi wa Halmashauri ya Afya ya Watoto tumekuja na hesabu ya namna nyingine, nayo ni deni letu wenyewe. Twaona ni heri tulitaje waziwazi, kwa maana mficha maradhi kilio humfichua.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa chama hiki alirudi kutoka kliniki ya macho pamoja na mwanawe wa miaka 5. Mtoto alikuwa na makengeza kidogo. Daktari alimpa miwani, kisha akaagiza jicho lililo zima lizibwe kwa kibandiko kila siku, ili lile dhaifu lipate kufanya kazi. Mtoto alilia, akajikwaa kizingitini, akamwaga chai. Nyanya yake akamwonea huruma, akakibandua kibandiko. Majirani wakacheka. Mama alipotujia kutaka shauri, sisi watu wazima tulimwambia, “Mwache mtoto apumzike, makengeza yataondoka akikua.” Alitusikia, kwa kuwa alituheshimu. Leo mtoto yule ni kijana, na jicho lake moja halisomi ubao hata akivaa miwani. Hatukumtakia mabaya. Tulimdhuru kwa huruma isiyo na maarifa.

Basi yafaa tueleze tuliyojifunza tangu siku ile.

Jicho vivu si jicho bovu. Mara nyingi ukilitazama huoni ila yoyote. Kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho hupokea nuru, na ubongo ndio unaosoma habari ile. Katika miaka ya utotoni ubongo hujifunza kusoma habari za macho yote mawili. Ikiwa jicho moja limepinda, au nguvu yake ya kuona imepitana mno na ya mwenzake, au limezibwa na mtoto wa jicho au kope iliyolegea, ubongo huzoea kulisikiliza jicho moja na kulipuuza la pili. Wataalamu Hubel na Wiesel walilionyesha jambo hili katika miaka ya 1960 kwa kuchunguza paka wachanga waliofungwa jicho moja: lilipofunguliwa, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeacha kulitumikia. Kwa kazi yao juu ya kuona walishiriki katika Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mtoto mwenye jicho vivu halalamiki, maana hajapata kuona namna nyingine, na jicho zima humfanyia kazi zote. Kwa hiyo sisi ndio wa kumgundua. Mzibe mtoto jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia ukiziba moja, lakini akilia au kukusukuma mkono ukiziba jingine, mpeleke akapimwe. Mpeleke pia akiwa na makengeza, au akiinamisha kichwa upande kila atazamapo kitu. Na ukiona weupe ndani ya mboni, usingoje hata juma moja, kwa kuwa weupe huo waweza kuwa dalili ya mtoto wa jicho au saratani ya jicho.

Tiba yenyewe huanza kliniki. Mtu asimbandike mtoto kibandiko kwa kubahatisha, wala asidanganywe na wauzao mazoezi ya macho ya kutupa miwani. Daktari hupima kwanza, hutoa miwani ikihitajika, na mara nyingine miwani peke yake huleta nafuu kubwa katika majuma ya mwanzo. Kisha huagiza jicho zima lizibwe. Wengine hupewa matone ya atropini, ambayo hulitia jicho zima ukungu wa kuona karibu, bila kibandiko.

Lakini tiba hii hukamilikia nyumbani, wala si hospitalini. Kibandiko hushikamana na ngozi, na miwani huvaliwa juu yake, ili mtoto asichungulie pembeni. Saa huwekwa zilezile kila siku, na huandikwa katika daftari. Si lazima ziwe nyingi kama tulivyodhani. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2003, wa watoto 189 walio chini ya miaka 7 wenye udhaifu wa kadiri, ulionyesha kwamba saa 2 kwa siku zilileta nafuu sawa na saa 6 baada ya miezi 4. Walio na udhaifu mkubwa huhitaji zaidi. Daktari ndiye wa kukata shauri.

Saa hizo zisiwe za kukaa kitako na kulia. Mtoto apewe kazi inayomshughulisha: achague mawe katika mchele, atenganishe maharagwe kwa rangi zake, atunge shanga, afuatishe herufi, apake rangi picha, acheze bao na babu yake. Si kwamba maharagwe yana dawa. Dawa ni jicho vivu kutumika, na kazi njema humfanya mtoto asahau kibandiko.

Samaki mkunje angali mbichi. Tiba hufaa zaidi kabla ya miaka 7, lakini aliyechelewa asikatiwe tamaa. Uchunguzi mwingine wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa miaka 7 hadi 12, zaidi ya nusu ya waliotibiwa kwa miwani pamoja na kibandiko na matone walipata nafuu, hali waliopewa miwani tu walikuwa kama robo. Wala tusiache kurudi kliniki jicho likiisha kupona. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuacha tiba, karibu robo ya watoto huweza kurudia hali ya zamani. Tena jicho zima likizibwa kupita kiasi laweza kudhoofika nalo.

Wazee wetu, nyanya yule tuliyemtaja amepata mjukuu mwingine, msichana wa miaka 4, naye ameonekana ana jicho vivu, kwa maana hali hii huweza kuandama ukoo. Safari hii nyanya hakubandua kitu. Kila jioni alijifunga kitambaa juu ya jicho lake mwenyewe, akaketi mkekani na mjukuu wake, wakachagua maharagwe pamoja. Mtoto akacheka, saa zikapita. Alipopimwa mara ya mwisho alisoma mistari miwili chini ya ile aliyoanzia.

Kwa sababu hiyo twauomba Mkutano huu mambo matatu. La kwanza, kila mzazi mwanachama ampeleke mtoto wake kupimwa macho kabla hajaanza shule. La pili, kila mtoto aliyeagizwa kibandiko apewe mzee mmoja wa chama wa kumtembelea, kulitazama daftari, na kuwanyamazisha wanaomcheka. Kukumbushana si jambo dogo: katika shule za Trans Nzoia, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wazazi walipokumbushwa kwa ujumbe wa simu, zaidi ya nusu ya watoto waliotakiwa kwenda hospitali walifika, na kwa utaratibu wa kawaida ni karibu robo tu. La tatu, Bwana Mweka Hazina atenge sehemu ya mfuko wa misaada kwa nauli ya kliniki na miwani ya kwanza ya mtoto wa mwanachama asiyejiweza.

Deni la yule kijana hatuwezi kulilipa. Tulimwendea mwaka huu pamoja na mama yake, tukakiri kosa letu. Alitusikiliza kwa adabu, akauliza kama twajua mtoto mwingine mwenye hali kama yake, kisha akajitolea kuwa wa kwanza kumtembelea. Jina lake limeandikwa katika orodha. Twawaomba Wazee waandike yao chini yake.