Kiwanja Kitupu na Klabu Fukara: Mhadhara juu ya Kuhamisha Timu



Ada ya mhadhara wa namna hii ni msemaji kuanza kwa kuisifu taaluma yake na kuwataja waliomtangulia. Nami naomba radhi kwa kuivunja ada hiyo, kwani jambo lililonisimamisha mbele yenu leo halikutoka maktabani, bali lilitoka kinywani mwa mwenzangu wa idara ya uchumi, mtu msomi na mwenye adabu, aliyetuambia tulipokuwa tukinywa chai kwamba dawa ya klabu za michezo zinazodhoofu huko Nairobi ni kuzihamishia huku Embu na Meru, palipo na viwanja vilivyogharimu fedha nyingi na visivyo na wenyewe. Hoja yake ilikuwa fupi: klabu fulani ina wachezaji na nafasi katika ligi, ila haina watazamaji, mji fulani una uwanja na watu, ila hauna klabu, basi na waoane. Walioketi nasi waliafiki wote, na tangu siku hiyo nimeisikia hoja ile ile redioni, na ndani ya matatu ya kwenda Runyenjes, na hata katika kikao cha kamati kilichokuwa kimeitwa kwa ajili ya mabomba ya maji. Hoja iliyopendwa kiasi hicho haifai kupuuzwa, yafaa kubomolewa.

Juu ya ufukara wa klabu zetu sitasema mengi, maana kuondoka kwa kampuni ya kamari ya SportPesa katika ufadhili mwaka 2019, na mishahara isiyolipwa, na viingilio visivyofika kwenye sanduku, ni mambo ambayo kila mmoja wenu anayajua. Juu ya viwanja ni lazima nikiri kwamba mwenzangu anasema kweli. Kinoru, uwanja wa Meru, ilikarabatiwa ipate kupokea mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN ya mwaka 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa mwezi wa Septemba 2017 yakapelekwa Morocco. Uwanja ukapata badala yake sherehe ya Madaraka ya tarehe 1 Juni 2018. Na Moi Stadium ya hapa Embu ilipambwa kwa sherehe hiyo hiyo ya mwaka 2023. Hivyo viwanja vya miji yetu miwili vimetumika kwa gwaride na hotuba. Nilikaa jukwaani Kinoru Jumamosi moja alasiri, wakati ambao kila uwanja wenye klabu huwa umejaa kelele: mama mmoja alikuwa akitembea kwa mwendo wa haraka katika njia za wakimbiaji kwa agizo la daktari, vijana wanne walikuwa wakipiga danadana nyuma ya goli kwa sababu mlinzi aliwakataza kukanyaga nyasi za katikati, na mlinzi mwenyewe, akitafuna miraa chini ya kivuli cha jukwaa la wageni mashuhuri, aliniuliza kama nimetumwa na kontrakta.

Basi tuiangalie hujja ya mwenzangu palipo na nguvu zake zote, ili asije akasema nimepigana na kivuli. Yeye ni mshabiki wa hoki ya barafuni, aliyoizoea alipokuwa akisoma Kanada, na mifano yake yote huitoa huko. Husema, na ni kweli, kwamba klabu ya Quebec ilihamishiwa Denver mwaka 1995 na mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la Stanley. Na kwamba klabu ya Atlanta iliyokwenda Calgary mwaka 1980 ilitwaa kombe hilo mwaka 1989. Mwenye kutazama mifano hiyo peke yake ataona kuhama ni baraka tupu.

Lakini mwenzangu amesahau kueleza ni ligi ya namna gani inayozaa biashara hiyo. Ligi ile ni nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo wanao waliomo ndani: hakuna timu inayoshuka kwa kushindwa, wala hakuna timu inayopanda kwa kushinda, na mji usio na klabu, hata ukiwa na vijana hodari kuliko wote duniani, hauwezi kuingia ila kwa kupewa nafasi mpya au kwa kununua nafasi ya mwingine. Maadam mlango umefungwa, kuhamisha klabu huwa ndiyo njia ya pekee, na wenye miji hulazimika kugombea klabu za wenzao. Je, sisi tuna mlango wa namna hiyo? Ligi zetu za soka huanzia katika kaunti, zikapanda ngazi kwa ngazi mpaka Ligi ya Taifa na hatimaye Ligi Kuu, na hakuna sheria inayomzuia kijana wa Manyatta au wa Maua kuipanda ngazi hiyo. Mwaka 2023 Murang'a SEAL, majirani zetu, walifika Ligi Kuu bila ya kununua jina la mtu. Mwaka huo huo Shabana ya Kisii ilirudi katika Ligi Kuu baada ya kukaa nje tangu mwaka 2006, na katika miaka hiyo yote kumi na saba watu wa Kisii waliishangilia katika viwanja vya vumbi kana kwamba ni bingwa. Lau Shabana ingelikuwa katika ligi ya mwenzangu, ingeliuzwa mapema, na leo tungeliisikia ikiitwa kwa jina la mji mwingine.

Fauka ya hayo, mifano ya mwenzangu ina upande wa pili ambao hautaji. Klabu ya Winnipeg ilipelekwa Phoenix, katika jangwa la Arizona, mwaka 1996. Mwaka 2009 ikafilisika. Jim Balsillie, tajiri wa simu za BlackBerry, akataka kuinunua kwa dola milioni 212.5 aipeleke Hamilton, mahakama ikakataa, na ligi yenyewe ikalazimika kuinunua. Kuanzia mwaka 2022 ilicheza katika ukumbi wa chuo kikuu wenye viti takriban elfu tano, na mwaka 2024 wachezaji wake wakapelekwa Salt Lake City, ambako kisheria walihesabiwa kuwa klabu mpya, ilhali jina la zamani lilibaki Arizona mikononi mwa tajiri asiye na timu. Nawaomba hadhirina mlitazame jambo hili kwa makini: wachezaji upande mmoja, jina upande mwingine, na washabiki hawako upande wowote.

Hapo ndipo swali langu linapozaliwa, nalo ni swali ambalo sijaona likiulizwa katika mabishano haya yote: tunapohamisha klabu, ni kitu gani hasa tunachokihamisha?

Mimi nililelewa na mpira wa magongo, si ule wa barafuni bali huu wetu wa nyasi, ambao vijana wa leo hawajui kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa makubwa yake. Tulikwenda Olimpiki kuanzia Melbourne mwaka 1956. Tokyo mwaka 1964 tulikuwa wa sita. Na katika Kombe la kwanza la Dunia, Barcelona mwaka 1971, tulikuwa wa nne. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne. Katika shule yetu, hapa chini ya mlima, magongo ya kutoka ng'ambo yalikuwa machache, na mwalimu akamwendea seremala atuchongee mengine kwa mti wa mkima, mti unaofaa sana kwa mbao za dari na usiofaa hata kidogo kwa kupiga mpira mgumu. Yalipasuka kwa urefu, nyuzi zake zikatuchoma viganjani, nasi tukayafunga kwa mpira wa baiskeli tukaendelea. Siku tuliyopelekwa City Park kutazama mchezo wa klabu za Nairobi, nilimwona mzee mmoja wa Kisingasinga akimkemea mchezaji wa klabu yake kwa Kiswahili safi kwa sababu ameinua gongo kupita bega, na nikastaajabu kuona mtu akiionea uchungu timu kama mtu anavyomwonea uchungu mwanawe.

Mchezo ule ulipungua kwa sababu nyingi. Zulia la bandia liliingia katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na nchi maskini zikaachwa nyuma. Sisi wenyewe tulisusia michezo ya mwaka huo na ya mwaka 1980. Lakini sababu ninayoiona kuwa kubwa ni kwamba baada ya sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967, Wahindi, Wagoa na Masingasinga wengi waliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Klabu hazikuhama, majengo yao yangali Nairobi. Waliohama ni wenye klabu. Basi sisi tumepata kinyume cha yaliyowapata watu wa Quebec: huko timu ilikwenda watu wakabaki, hapa watu walikwenda timu ikabaki, na hasara ni ile ile. Na timu zilizobaki zimejifunza kuishi bila ya mahali: Butali ina jina la kiwanda cha sukari cha Kakamega, lakini mpira wake umechezwa zaidi City Park. Kinyume chake, wanawake wa Telkom, mabingwa wa klabu za Afrika mara nyingi, walipoachwa na mfadhili walibadili jina wakawa Blazers, wakaendelea kucheza pamoja.

Sasa niruhusuni niingie katika kitabu nikipendacho. Mwaka 1993 Jeffrey Fadiman alichapisha historia ya Wameru aliyoikusanya kwa wazee, na humo yamo masimulizi ya Mbwaa, ambayo wengi wenu mliyasikia kwa babu zenu kabla hamjamjua Fadiman. Wazee wanasema kaumu yetu iliishi katika kisiwa, ambacho Fadiman anakiweka Manda, karibu na Lamu, chini ya watu wa nguo nyekundu walioitwa Nguuntune. Watawala wale waliwatwisha mitihani isiyowezekana: leteni ndara yenye manyoya pande zote mbili, leteni mkuki wa kufika mawinguni. Ndara ilipatikana, kwa kuikata ile ngozi inayoning'inia kooni mwa ng'ombe, nayo kweli ina manyoya pande zote. Nami kila nisomapo hapo hufurahi upya, kwa maana sijapata kuona jawabu la mtihani lililo jepesi na la uhodari kama lile. Mkuki haukupatikana. Ndipo walipoondoka chini ya kiongozi wao Koomenjwe, wakayavuka maji kwa zamu, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine mchana, na kwa zamu hizo wakaitwa koo nyeusi, nyekundu na nyeupe hata leo.

Wanahistoria wenzangu watabishana kama Mbwaa ni Manda kweli, na wabishane. Lililo muhimu kwangu ni namna ya safari. Jina halikuhama peke yake, wala vijana wenye nguvu hawakuhama peke yao. Walikwenda watoto, wazee, mifugo na mafumbo, na zamu ya kuvuka ikawa ukoo. Kuhama kwa namna hiyo nakukubali. Na majirani zetu wa Embu wana mapokeo mengine kabisa, ambayo wasomi wetu, marehemu na walio hai, wameyaandika, ya Mwenendega na mkewe Nthara, walioanza hapa hapa, na kichaka chao kiko karibu na Runyenjes. Mmoja alikuja na watu wake wote. Mwingine aliota mahali pake. Katika mapokeo yetu mawili hayo sikuona kisa cha mtu aliyenunua kaumu iliyokwisha kuundwa akaipa jina la kijiji chake.

Itikadi yangu basi, nayo naisema waziwazi, ni kwamba klabu ya kudumu ni ile inayomilikiwa na wanachama wake kwa hisa ndogo ndogo, kwa mtindo wa ushirika, kama tunavyomiliki viwanda vya kusafisha kahawa. Najua yatakayosemwa. Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama, na zote mbili zimewahi kuzuiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni. Na ushirika wetu wa kahawa nao haukukosa wezi. Hayo ni kweli, na sina jawabu la kuyafuta. Lakini tazameni upande wa pili: Oserian, timu ya kampuni ya maua ya Naivasha, ilitwaa ligi mwaka 2001 na 2002, kisha kampuni ikachoka na timu ikatoweka, nayo SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa mwaka 2006, ilifukuzwa ligini mwaka 2019 kwa kukosa kufika katika mechi tatu. Leopards iliyoanzishwa mwaka 1964 na Gor iliyoanzishwa mwaka 1968 zingalipo, pamoja na madeni yao na magomvi yao. Na huko huko Marekani kwenye biashara ya kuhamisha timu, Green Bay, mji mdogo wenye klabu ya kandanda ya Kimarekani inayomilikiwa na umma tangu mwaka 1923, haujawahi kuipoteza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa kaunti zetu mbili mambo mawili yasiyohitaji tenda. La kwanza, msimnunulie mtu yeyote wa Nairobi klabu yake kwa kodi ya mkulima wa Embu wala wa Meru. La pili, ifungueni Kinoru na Moi Stadium kila Jumamosi kwa mechi za shule na za ligi ya kaunti bila ya ada, nyasi za katikati zikiwemo, na mlinzi apewe barua ya kumwambia hivyo.