Cheusi Si Uchafu: Leza, Jiwe na Jicho la Fundi



Mhadhara huu umezaliwa na sentensi moja. Kwenye semina fulani, mwanafizikia ninayemheshimu alisema kuwa usafishaji wa mawe ya kale kwa leza hauhitaji tena fundi, kwa kuwa leza hujisimamisha yenyewe jiwe linapotakata. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nadaiwa maelezo.

Msingi wa hoja yake ni wa kweli. Katika miji yenye moshi, gesi ya salfa hugeuza uso wa marumaru kuwa jasi, nayo jasi hunasa masizi hadi ikafanya ukoko mweusi kama ule wa sufuria ya wali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani John Asmus alikwenda Venice kutengeneza hologramu za sanamu zilizokuwa zikiharibika. Huko akaona leza yake ya rubi iking'oa ukoko huo na kuyaacha marumaru. Cheusi hunywa mwanga, kikapata moto na kuruka, cheupe huurudisha. Ukoko ukiisha, pigo linalofuata halina cha kung'oa. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Ila hoja hiyo imebeba sharti ambalo halitajwi: kwamba uchafu ni mweusi na mali ni nyeupe. Sharti likianguka, hoja nzima huanguka nalo. Chukueni sanamu iliyobakiza chembe za rangi yake ya kale. Zinjifuri, ile rangi nyekundu, ikipigwa na leza huweza kuwa nyeusi papo hapo. Na nyeupe ya risasi vivyo hivyo. Hapo mashine imejisimamisha wapi?

Sasa njooni kwenye vioo vya rangi vya makanisa ya Ulaya ya zama za kati. Macho ya mtakatifu, mikunjo ya joho lake, ndevu zake, vyote vilichorwa kwa wino mzito wa kahawia na mweusi, kisha vikachomwa tanuruni vishikane na kioo. Cheusi ndicho mchoro wenyewe. Tena kioo hicho kimeliwa na unyevu kwa karne nyingi, hata ukoko na ngozi yake iliyochakaa karibu havitofautiani. Mashine inayokula kila cheusi itaanza na macho ya mtakatifu.

Hata kwenye marumaru matupu mambo si mepesi. Ushahidi ninaourudia kila mwaka darasani ni ukanda wa michongo wa upande wa magharibi wa Parthenon, hekalu la Wagiriki wa kale, ulioshushwa kutoka jengoni mwaka 1993 na kusafishwa kwa leza kati ya 2002 na 2005. Mwanga wa infraredi wa nanomita 1064 peke yake huweza kuliacha jiwe na umanjano. Wa urujuanimno wa nanomita 355 peke yake huelekea kuliacha na ukijivu. Watafiti wa kituo cha FORTH kule Krete wakaunganisha miali yote miwili, ikapiga mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa uwiano uliopimwa. Na lililo kubwa zaidi: chini ya masizi kulikuwa na matabaka mawili ya kale, moja la rangi ya maziwa yaliyochujuka, jingine la hudhurungi kama machungwa. Mafundi waliyaacha. Hakuna mwali uliowaambia waache. Waliamua kwa kutazama.

Naizungumzia kazi ya kusafisha kwa uchungu wa mtu aliyekosea. Nikiwa kijana msaidizi kwenye nyumba moja ya mawe Unguja, nilipewa brashi ya waya nisafishe kidaka kilichojaa masizi ya kandili. Nilisugua asubuhi nzima. Chokaa iling'aa. Adhuhuri fundi mzee akaja, akapitisha kidole kwenye ukingo, akauliza, "Mwanangu, ua liko wapi?" Palikuwa na ua lililochongwa kwenye plasta, kina chake hakifiki unene wa ukucha. Nilikuwa nimelifagia sakafuni.

Mapenzi ya weupe hayakuanza na leza. Mwaka 1937 na 1938, ndani ya British Museum, baadhi ya marumaru ya Parthenon yalikwanguliwa kwa vyombo vya shaba ili yawe meupe zaidi, na ngozi yake ya kale ikaenda. Chombo kimebadilika, hamu ni ile ile.

Siipingi leza. Hakuna brashi wala asidi niliyoiona yenye adabu kama yake mikononi mwa anayejua. Nakubali pia kwamba vipimo vya mwanga vitazidi kuwa makini. Lakini baada ya kupima yote hayo, nabaki pale pale: kusafisha ni kuamua cha kuacha, na uamuzi huo ni wa mtu. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu, kabla ya kuwasha mashine yoyote, kaeni na jiwe siku nzima mkiwa na taa na kioo cha kukuzia. Masizi yanaweza kungoja hadi kesho. Ua likishafagiliwa, halirudi.