Wasomaji wa Njia ya Misafara
Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, viongozi wa wanawake na wageni wetu, Tabora



Wachungaji wetu, wainjilisti, baba zangu wazee wa kanisa, mama zangu wa Idara ya Wanawake, na ninyi marafiki zetu mliotoka mbali: nimeombwa kuzungumza juu ya mwanamke Mkristo na usomaji. Ratiba inanipa dakika ishirini, na harufu ya pilau inatoka jikoni, kwa hiyo sitawachosha.

Nianze na hapa hapa tulipo. Wengi wenu mmewahi kupeleka wageni Kwihara kuona tembe alimokaa Dkt. Livingstone. Wageni hupiga picha, husaini kitabu, hurudi mjini kunywa soda. Leo naomba tumwache yeye kidogo, tuwatazame watu waliokuwa pamoja naye.

Stanley alifika naye pale Februari 1872, kisha akaondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Walifika Agosti. Mmoja wao alikuwa kijana Myao aitwaye Jacob Wainwright. Utotoni alichukuliwa mtumwa, akakombolewa, akapelekwa India kusoma katika shule ya misheni ya Nassick. Huyu aliingia Tabora kama mpagazi mwingine yeyote. Tofauti yake ni kwamba alijua kusoma na kuandika.

Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake walizika moyo wake chini ya mti. Jacob ndiye aliyesoma sala za maziko, na ndiye aliyechonga jina la marehemu kwenye mti ule. Kisha wakaubeba mwili kwenda pwani. Oktoba walipita hapa Tabora, wakamkuta Mwingereza Cameron aliyewashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwili ukazikwa Westminster Abbey, London, Jacob akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kumbukumbu zake za safari zilichapwa Ujerumani mwaka huo huo. Alirudi Afrika akatumikia misheni, na mwaka 1892 akafa Urambo. Ndugu zangu wa Urambo, huyo ni jirani yenu. Watoto wa Shule ya Jumapili wangepaswa kumjua.

Sasa, katika msafara ule kulikuwa na wanawake pia. Nawataja wawili: Halima, mke wa Amoda, na Ntaoeka, aliyeolewa na Chuma. Halima alikuwa mpishi. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba ni mwaminifu, hodari, haibi wala hamruhusu mumewe aibe. Akaandika pia kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na shamba Unguja watakapofika. Aliyeahidi alifariki njiani. Ntaoeka naye ameandikwa kwamba alipewa wanaume watatu achague, akamchagua Chuma. Mama zangu, mimi ningependa sana kusoma kwa maneno ya Ntaoeka mwenyewe kwa nini alimchagua Chuma! Lakini yote tuliyo nayo juu ya wanawake hawa yameandikwa na kalamu ya mtu mwingine. Walitembea njia ile ile, kwa miguu ile ile, wakiwapikia wote. Aliyekuwa na kalamu tunamsikia akisema. Hawa wengine tunasikia wakisemwa.

Hapo ndipo mradi wetu wa vikundi vya kusoma unapoanzia, na ndiyo sababu nimesimama hapa kuomba jambo moja: kabati la vitabu liingie kwenye bajeti ya kila usharika.

Najua linalosemwa kwenye vikao. Nimekaa vikao vingi. Husemwa kwamba paa linavuja, pikipiki ya mwinjilisti haina tairi, na huyu mama anadai riwaya! Sidharau paa. Ila nawaomba mkumbuke historia fupi ya nchi yetu. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma. Baada ya kampeni ya Elimu ya Watu Wazima, hesabu ya 1986 ilionyesha wamebaki chini ya kumi katika kila mia. Mama yangu mzazi ni tunda la kisomo kile. Alijifunza kusoma akiwa na mtoto mgongoni. Yalikuwepo pia magazeti ya vijijini, kama lile la Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa, na maktaba za vijiji. Halafu zikaja shida za miaka ya themanini: karatasi ikaadimika, magazeti yale yakafifia, maktaba zikafungwa na panya wakarithi. Sensa ya 2002 ikaonyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima hawajui kusoma. Sababu ziko nyingi, na watoto kukosa shule ni mojawapo. Lakini wapo pia waliosoma wakasahau, kwa sababu baada ya cheti cha kisomo hapakuwa na kitu cha kusoma. Mama yangu hakusahau kwa kuwa alikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, na alivisoma kila siku kwa sauti, jirani wapende wasipende.

Katika Matendo ya Mitume sura ya nane tunakutana na yule mkuu wa Kushi, yuko barabarani, anasoma chuo cha Isaya. Filipo anamwuliza kama anaelewa. Yule bwana, mtu mwenye cheo, anakiri kwamba bila wa kumwongoza hawezi. Filipo anapanda gari, wanakaa pamoja. Vikundi vyetu vinafanya hivyo hivyo. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza huku wakisuka ukili au kuchambua mchele, kisha wanaulizana. Asiyejua kusoma haoni aibu, kwa sababu masikio anayo na maoni anayo. Baada ya muda huanza kuomba aonyeshwe herufi za jina lake. Mama mmoja alituambia kwamba kwenye kikundi cha kuweka na kukopa alikuwa akitia dole gumba kila wiki bila kujua kilichoandikwa juu ya dole lile. Sasa anaisoma leja mwenyewe. Katibu, naye nasikia, ameanza kuandika kwa mwandiko mzuri zaidi.

Juu ya ubunifu. Tukisema kipaji kanisani, tunawaza kwaya. Lakini Kutoka sura ya 31 inamtaja Bezaleli, fundi aliyejazwa roho ya Mungu kwa kazi ya dhahabu na mbao, na sura ya 35 inawataja wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya hema. Mungu aliona kazi ya mikono ile inafaa kuandikwa. Basi katika vikundi tumeanza kugawa madaftari. Hatusahihishi tahajia. Wengine wameandika nyimbo, wengine dawa za miti, wengine jinsi ya kupika mlenda na karanga. Bibi mmoja asiyejua kusoma alimsimulia mjukuu wake hadithi ya sungura na fisi, binti akaandika. Siku ya kusomewa, bibi alimkatiza katikati: "Hapo fisi hakusema hivyo. Futa." Binti akafuta. Yule bibi ni mhariri, na hajui hata herufi moja.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, kwa upole kabisa, hadithi za kubuni zinafanya nini kwenye kabati la nyumba ya Bwana. Nilimjibu: mzee wangu, yule baba mwenye wana wawili, mmoja akaenda kulisha nguruwe, aliishi kijiji gani? Alicheka. Bwana wetu alifundisha kwa visa alivyovitunga. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's hapa hapa, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na mwaka 1996 Injili yake kwa mtindo wa utenzi ikachapwa. Hakuona vitu hivyo viwili vinagombana. Nasi tunao wanawake walioandika: Penina Muhando na tamthilia zake; Elieshi Lema, aliyeanzisha na Demere Kitunga kampuni ya uchapishaji ya E&D mwaka 1989. Vitabu vya watu kama hawa navitaka kwenye kabati, karibu na Biblia na Katekisimo.

Marafiki zetu wa mbali, kwenu nina neno la wazi, mnisamehe. Asanteni kwa masanduku ya vitabu. Lakini kitabu cha Kiingereza juu ya theluji hakisomwi na mama wa Sikonge, kinabaki kwenye sanduku na nauli ya bandarini imelipwa. Tuleteeni fedha hizo, tununue vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa nchini. Mwandishi atapata chochote na msomaji atapata kinachomhusu. Na kwenye taarifa mtakapotuuliza idadi, tutawapa idadi ya vitabu vilivyoazimwa, vilivyorudi, na vilivyochakaa. Hivi vya mwisho msiviandike kama hasara.

Kwa kamati, mambo ni machache. Kabati la mbao lenye kufuli, fundi wa mtaani anatosha. Miguu yake iwekwe kwenye makopo yenye mafuta machafu, mnajua mchwa wa kwetu. Taa moja ya sola kwa vikundi vinavyokutana jioni. Madaftari. Fungu la kununua vitabu vipya kila mwaka, hata vitano, kwa sababu kabati lisiloongezwa hufa mwaka wa pili. Na ufunguo naomba usikae kwa mchungaji, ambaye ana mitaa mingi ya kuzungukia, wala kwa mhasibu. Ukae kwa mama anayeishi karibu na kanisa na asiyekasirika akigongewa mlango.

Madaftari ya kuazimia yako juu ya meza ile, moja kwa kila usharika. Katibu wenu asaini kabla hatujaenda kula.