Amana ya Jamaa: Njia ya Kuwatendea Haki Wana wa Kiume na wa Kike

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee wa Thika na Ruiru



Chama chetu kipo ili tusaidiane katika ugonjwa, masomo na misiba, na kazi hiyo twaifanya vyema mpaka siku ya maziko. Matata huanza baada ya maziko, wakati watoto wa tumbo moja wanapoulizana shamba ni la nani. Ndiyo maana tumeona inafaa tuseme juu ya urithi leo, wazee wakiwa hai na wakiweza kutamka neno lao wenyewe.

Nchi yetu imebadilika upesi. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, bei ya ardhi ilipanda, na pahali pengi mikahawa imeng'olewa ili kujengwa nyumba za kupangisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Nusu eka ambayo zamani ilitoa magunia machache ya kahawa, leo ni mali kubwa. Lakini ikikatwa vipande saba, hakuna kipande kitakachomfaa mtu. Na nyumba ya kupangisha haikatwi kwa panga.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mtu akifa bila wosia, sheria hiyo haitengi mtoto wa kiume na wa kike, wala haiulizi kama binti ameolewa. Mwaka 2005, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Rono ilisahihisha mgawanyo uliowapa mabinti sehemu ndogo kuliko ndugu zao wa kiume. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, ikaagiza kwamba ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi ukomeshwe, uwe umetokana na sheria au na mila.

Hata hivyo, twajua hofu iliyomo mioyoni mwa wazee wengi. Husema: nikimpa binti yangu shamba, shamba litahamia mbari nyingine. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Wazee wetu wa Kiambu na Murang'a walilinda githaka ili isitawanyike, nao walimweka muramati aitunze. Muramati hakuwa mwenye mali peke yake. Alikuwa mtunzaji tu, na watu wa mbari walikuwa na haki zao. Basi amana si jambo geni lililoletwa na mawakili. Twaijua tangu zamani, ila zamani mabinti hawakuhesabiwa.

Lakini yako mafundisho machungu pia. Mashamba yalipounganishwa na kuandikishwa katika miaka ya 1950, mara nyingi jina moja tu liliandikwa, la kaka mkubwa au la mzee mmoja, naye alishika kwa ajili ya wenzake. Neno hilo la amana halikuandikwa popote. Mzee alipokufa, watoto wake walisema hati ni ya baba yao, na wajomba na binamu wakaenda mahakamani. Mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana ya kimila yaweza kuendelea kuwapo juu ya shamba lililokwisha kuandikishwa. Hukumu ni njema, lakini ilikuja baada ya miaka mingi ya mashtaka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Amana iliyoandikwa huendeshwa hivi. Mzee hutoa mali yake, au huagiza katika wosia wake kwamba itolewe, ikawekwa mikononi mwa wadhamini. Wadhamini huitunza kwa faida ya wale waliotajwa katika hati. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ya wadhamini, na amana ya jamaa ikatajwa humo waziwazi. Shamba hubaki zima, na kila mtoto ana fungu lake.

Tuchukue mfano. Mzee wa Ruiru ana mke, wana watatu na mabinti wanne, na ploti yenye vyumba 14. Kila chumba hulipiwa shilingi 6,000 kwa mwezi, jumla shilingi 84,000. Hati yaagiza shilingi 14,000 ziwekwe kwa matengenezo na kodi za serikali. Zinabaki 70,000. Mama akiwa hai hupata nusu, yaani 35,000, na watoto saba hupata 5,000 kila mmoja. Mama akiondoka duniani, kila mtoto hupata 10,000. Binti aliyeolewa Nyeri apata sawa na kaka yake aliyebaki nyumbani, wala ploti haikuhama hata hatua moja. Hofu ya mzee imetulia, na haki ya binti imesimama.

Tunawaomba mwangalie mambo haya manne.

Kwanza, wadhamini wasiwe wana wa kiume peke yao. Binti mmoja au wawili wawemo, na ikiwezekana mtu wa nje anayeaminiwa na wote. Hesabu isomwe mbele ya jamaa yote kila mwaka, na fedha zipitie benki.

Pili, hati iseme wazi mtoto akifa fungu lake litakwenda kwa nani, na mdhamini mwovu ataondolewa namna gani.

Tatu, shamba la kilimo likiwekwa katika amana mzee akiwa hai, kibali cha Bodi ya Ardhi chahitajika, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi sita. Mke naye ashauriwe na akubali. Ikiwa mzee achagua wosia, autie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi.

Nne, amana isifanywe kuwa ukuta wa kuwafungia nje mabinti. Sheria ya Urithi yampa mtoto aliyenyimwa katika wosia njia ya kuomba mahakama impe sehemu ya kutosha. Mzee aandikaye amana ya hila awaachia watoto wake kesi.

Hatusemi kwamba kila jamaa yahitaji amana. Ikiwa mali ni kidogo na yagawanyika bila taabu, wosia ulio wazi watosha, na gharama ya wakili ni ndogo. Lakini penye ploti moja na watoto wengi, twaona hakuna njia iliyo bora kuliko hii.

Wazee wetu, ombi letu ni moja. Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila mmoja awaite watoto wake wote, waliooa na walioolewa, awakalishe pamoja na mama yao, awaambie mali ni nini na iko wapi. Maneno hayo yakisikiwa na wote siku moja, hakuna atakayesema baadaye kwamba baba alimnong'oneza yeye peke yake. Kisha yaandikwe.