Kuutambua Uyoga Ulao Mti

Leo twataka kuwaambia habari ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona katika miombo ya Mpanda, na pengine hamkukijali: ule uyoga mgumu utokao ubavuni mwa shina mfano wa kibao kilichopigiliwa ukutani.

Siku moja tulikuwa katika njia ya Inyonga pamoja na mrina asali, tukauona juu ya kichaka kibichi chenye majani tele. Mwenzetu akainua panga akate kichaka chote, akidhani kimekwisha kufa. Tukamzuia. Uhai wa mti u katika tabaka za nje, chini ya gome. Uyoga wa namna hii mara nyingi hula sehemu ya ndani, na shina laweza kuendelea kuchipua miaka mingi.

Basi, ni uyoga gani? Rangi ya juu hudanganya, kwani jua na mvua huibadili. Upindueni mtazame chini. Mkiona vitundu vidogo mno, kama vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano, ukateni kwa kisu kikali toka juu hata chini. Ule mwembamba, mwekundu wa pilipili, ni Pycnoporus, na makao yake hasa ni magogo makavu; huo si wetu. Nyama ya rangi ya kutu, igeukayo nyeusi kwa tone la potasi kali, ni ya ukoo wa Phellinus. Na katika ukoo huo huo, mkiona juu laini kama sifongo, chini ngumu, na katikati mstari mwembamba mweusi, hapo yafaa kufikiri Phylloporia, ambao aina zake nyingi huota juu ya mashina mabichi ya vichaka katika nchi za joto. Uyoga wetu ulikuwa na mstari huo.

Mrina asali akauliza, uliingia wapi? Tukainama, tukaona chini ya shina kovu la zamani la panga. Moto wa nyika nao hufungua mlango kama huo, na gome lililobanduliwa kwa kutengeneza mzinga vilevile. Alinyamaza kidogo, maana mizinga yake ilikuwa ya magome.

Mwaka 1980 Ryvarden na Johansen walitoa kitabu cha nyoga za namna hii katika Afrika Mashariki. Lakini kitabu hakisaidii sana ikiwa jina la mti limesahauliwa. Kwa hiyo kipande kikaushwe vizuri, kifungwe katika karatasi, na juu yake mwandike jina la mti, kama ulikuwa mzima au mfu, mahali, na tarehe.