Hesabu Iliyojificha Ndani ya Simu

Tuseme mkulima ameshusha tangawizi yake kutoka Mamba Miamba, ameuza, na sasa yuko Same mjini anatafuta simu ya mkononi. Kijana wa stendi anamtolea moja ya mtumba, inang'aa, bei ya kutupa. Wengi walionunua namna hiyo walijuta Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima. Na kwa mtu wa milimani simu ndiyo benki yake.

Kabla hajatoa fedha, abonyeze nyota, reli, sifuri, sita, reli. Itatokea namba ya tarakimu 15. Hiyo si ya kupiga. Ni utambulisho wa chombo chenyewe, na haikuandikwa ovyo.

Chukueni karatasi. Namba yetu ya mfano ni 490154203237518. Iweke kando 8 ya mwisho. Katika zile 14 zilizobaki, ukianzia kushoto, kila ya pili izidishe kwa mbili. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe: 9 inazaa 18, yaani 1 na 8, tunarudi kwenye 9, 7 inazaa 14, yaani 5. Sasa jumlisha zote, pamoja na zile ambazo hukuzigusa. Utapata 52. Ongeza ile 8: 60. Inagawanyika kwa 10 bila baki. Kumbe 8 ile iliwekwa makusudi, kukamilisha 60.

Hesabu hii aliibuni Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1954. Kadi za benki nazo huitumia. Mtu atauliza, kwa nini tusijumlishe tu? Kwa sababu karani akigeuza 54 kuwa 45, jumla ya kawaida haibadiliki. Kwa njia ya Luhn, 60 yetu inashuka hadi 52, na kosa linaonekana. Lakini jaribuni kugeuza ile 90 ya mwanzoni iwe 09. Jumla inabaki 60 vilevile! Hapo Luhn mwenyewe hupitwa.

Na tusimtwike mzigo usio wake. Hesabu hii inakamata aliyekosea kunakili na mghushi mvivu aliyebuni tarakimu kichwani. Mghushi mjanja hunakili namba ya simu halali nzima nzima, na jumla inakubali. Ndiyo maana mwaka 2016 wananchi walielekezwa kutuma namba hiyo kwenda 15090, waletewe aina ya simu inayomiliki namba ile, walinganishe na waliyoishika mkononi.

Basi mkulima wetu, jumla ikigoma, amrudishie kijana simu yake. Ikikubali, afungue mfuniko, aitazame namba iliyoandikwa chini ya betri kama inalingana na ya kwenye kioo, kisha adai risiti yenye tarakimu zote 15. Kijana akianza kusema risiti zimekwisha, basi la kupanda Mamba halijaondoka bado.